Tangi la maji ya bahari, Kigoma: mwaka mmoja, ndoo tatu za chumvi

Wa kwanza kuniuliza alikuwa babu jirani yetu, mstaafu wa reli. Aliingia, akaitikia shikamoo yangu, akaitazama ile ndoo kubwa ya chumvi pale ukutani, akaniuliza imetoka wapi. Nikamwambia Marekani. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, Uvinza hapo hapo kwenye reli, wewe unaagiza chumvi Marekani?"

Tangu siku hiyo swali hilo nimeulizwa na fundi, na mama watoto, na kila mgeni kabla hajakaa. Basi nilijibu hapa mara moja. Uvinza wamechemsha chumvi ya chemchemi zile kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ni chumvi nzuri. Lakini ni ya mboga. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji, na ndani ya hizo 35 si chumvi ya kula peke yake: kuna magnesiamu kama gramu 1.3, kalsiamu kama gramu 0.4, potasiamu, salfeti, baikaboneti na vingine vidogovidogo. Ukikoroga chumvi ya jikoni utapata maji machungu yanayofanana na bahari kwenye ulimi tu. Konokono, kamba na kila kiumbe kinachojenga gamba hawatoboi humo.

Kwa hiyo ninachoelezea hapa hasa ni chumvi ya Instant Ocean, ndoo ya galoni 160 za Marekani, yaani inatosha maji ya lita 600 hivi, pamoja na vitu vilivyoizunguka: tangi la kutengenezwa hapa hapa mjini, mashine ya kuchuja maji, na skima, chombo cha kutoa uchafu kwa povu.

Nijitambulishe kidogo, maana aibu yangu inahusu. Ninakaa Bangwe, na kutoka barazani ziwa ninaliona. Miaka sita nilizamia kwa kituo kimoja kinachosafirisha samaki wa mapambo. Tulikuwa tunawakamata kwa nyavu kwenye miamba, kisha tunawapandisha pole pole kwa hatua, kwa sababu ukimtoa samaki mita thelathini kwa mkupuo mmoja kibofu chake cha hewa kinavimba na anafika juu tumbo limegeuka. Matangi ya maji baridi nayajua kama ninavyojua jiko la nyumbani. Nikadhani bahari ni maji yale yale yenye chumvi. Subirini.

Tangi kwanza. Urefu sentimita 180, upana 60, kimo 60. Kwa hesabu ni lita 648, ila huwezi kulijaza hadi mdomoni na mawe nayo yanachukua nafasi, kwa hiyo maji ni kama 560. Fundi wa vioo na aluminiamu alitaka kunifungia kioo cha milimita 8. "Bosi, cha nane kinatosha, hata madirisha ya benki ni cha nane." Nikamwambia fundi, dirisha la benki halijabeba nusu tani ya maji. Tukaweka cha 12, na mikanda ya kioo juu ili kuta zisitanuke. Ugomvi wa pili ulikuwa silikoni. Alikuja na ile ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia ukungu. Dawa hiyo inaua samaki. Tafuteni silikoni tupu, ile ambayo ikiwa inakauka inanuka siki, na muiache wiki nzima kabla ya tone la maji. Tulilijaribu uani kwa siku tano likiwa limejaa. Halikuvuja. Kazi yake ninaisifu, na kila anayekuja kulitazama ninampa namba yake.

Uzito usiupuuze. Maji, mawe, kioo na stendi ya chuma vinakaribia kilo 800. Nyumba nyingi za kwetu zimejengwa kwenye mteremko, na sakafu unayoiona imenyooka haijanyooka. Nilipopima kwa timazi ya maji nikakuta upande wa dirisha umeshuka zaidi ya sentimita moja. Nikarekebisha miguu ya stendi, nikatandika kipande cha povu gumu chini ya kioo, ndipo tukaliinua, wanaume sita na kelele nyingi.

Sasa aibu.

Maji ya bomba mjini Kigoma yanatoka ziwani. Nikajaza pipa la lita 200, nikawasha pampu ya kuzungusha, nikamimina chumvi kidogo kidogo kama maelekezo yanavyosema. Kilo saba na ushee. Baada ya saa moja maji yalipaswa kuwa meupe kama kioo. Yalikuwa kama tui la nazi. Nikasema yatatulia. Kesho yake yakawa yametulia kweli, ila chini ya pipa kulikuwa na unga mweupe, na pampu imevaa koti la chokaa ukilikwangua kwa ukucha linatoka vipande. Nikailaumu chumvi. Nikamwandikia aliyeniuzia maneno ambayo leo nayaonea haya.

Chumvi haikuwa na kosa. Ziwa Tanganyika ni la alkali kweli kweli: pH yake, kipimo cha asidi na alkali, inacheza karibu na 9, na limejaa baikaboneti. Ndiyo maana samaki wake ukiwaweka kwenye maji laini, yenye madini machache, wanadhoofika. Hilo nilikuwa nalijua kwa miaka sita! Sasa chumvi ya bahari inakuja na kalsiamu yake nyingi na baikaboneti yake, inakutana na maji ambayo tayari yameshiba. Kalsiamu na kaboneti vinashikana, vinadondoka chini kama chokaa. Nilikuwa nimetengeneza chaki. Lita 200 na kilo saba za chumvi iliyosafiri nusu ya dunia nikazimwaga chooni, maana hata kwenye bustani huwezi kuzimwaga.

Dawa yake ni maji matupu, yasiyo na kitu. Kwa muda nilinunua maji kwenye duka la kujaza madumu ya maji ya kunywa, wale wenye mashine ya kuchuja kwa utando, lakini niliwapimia kwa kile kipimo kidogo cha mkononi nikaona siku nyingine maji ni safi, siku nyingine utando umechoka. Mwishowe nikanunua mashine yangu ndogo. Kwa kila lita moja safi inatoa kama lita tatu za kumwaga, na hizo si uchafu, ni maji ya ziwa yaliyozidi ugumu kidogo. Zinaenda chooni na kudekia. Mama watoto alipoona bili alisema, "Baba Amina, hawa samaki wako wanaoga kuliko sisi." Maji ya mvua nayo yanafaa, msimu wake hapa ni mrefu, ila mimi bati langu ni la zamani na zinki inayotoka humo sitaki kuijaribu kwenye tangi lenye kamba.

Kwa maji safi, ile chumvi ilinishangaza. Inayeyuka haraka, haiachi takataka chini, na rifraktomita, kile kipimo cha chumvi ndani ya maji, inasoma 1.025 nikifuata kipimo kile kile kila mara. Tafadhali nunueni rifraktomita, msitegemee ile ya plastiki yenye sindano. Yangu ilikuwa inanidanganya kwa kiasi cha kuua. Malalamiko yangu kwa ndoo ni mfuniko. Hapa kwetu masika unyevu ni mwingi, ukiuacha bila kuubana usiku mmoja tu chumvi inaganda kama sukari guru. Mimi ninagawanya kwenye madumu madogo yenye vifuniko vya kuzungusha. Lakini bei inauma. Hadi kufika Kigoma, pamoja na safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar, ndoo moja ilinitoa shilingi 420,000. Ninabadilisha lita 60 kila wiki mbili, kwa hiyo ndoo inakaa kama miezi mitano.

Mawe sikuchukua matumbawe hai, na wala usimsikilize anayekwambia atakuletea kimya kimya. Matumbawe magumu yote yamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, kuvuka nayo mpaka bila kibali ni kesi. Nilitumia mawe ya chokaa ya pwani, yale ya matumbawe ya kale yanayochimbwa kwa ajili ya ujenzi. Yana matundu mengi, na matundu ndiyo nyumba za bakteria. Kisha nikasubiri. Wiki sita tangi lina mawe na maji tu, natia chakula kidogo kioze, napima amonia, sumu ya uozo, ipande, ishuke bakteria wakiigeuza naitraiti, nayo ipande, ishuke, hadi ibaki naitreti peke yake, ambayo haina ukali huo. Wageni wanaangalia mawe. "Samaki wako wapi?" Wanakuja. "Lini?" Wanakuja.

Samaki wa kwanza walikuwa Amphiprion wawili, wale wa chungwa wenye mikanda myeupe, walikuja kwa ndege kutoka Dar kwenye mifuko yenye oksijeni. Nikaongeza kamba wa kusafisha na konokono. Miezi mitatu baadaye nikaweka samaki aitwaye kangaja, mmoja mdogo. Kangaja anahitaji tangi refu, anaogelea kama mtu aliyechelewa basi, kwa hiyo ukiwa na tangi la mita moja usimguse.

Skima sitaitaja jina, kwa sababu ya kwanza iliungua ndani ya wiki nne na muuzaji akaacha kupokea simu. Ya pili inafanya kazi. Ni bomba linalopiga viputo vidogo mno, uchafu wa protini unanasa kwenye povu, povu linapanda kwenye kikombe. Kikombe hicho ukikifungua baada ya siku nne utajua samaki wanakula nini: maji ya rangi ya chai ya rangi, harufu ya dagaa waliolala juani Kibirizi bila chumvi. Kuna mlio wa kuchemka usiku kucha. Sisi tumeuzoea, mama mkwe alihama chumba.

Hita sikuitumia sana. Tatizo letu ni joto la Agosti na Septemba, maji yanataka kupita nyuzi 28. Nimefunga feni ndogo juu ya maji, inashusha nyuzi mbili hivi, ila maji yanapotea lita tano kwa siku. Hapa wengi wanakosea: maji yakipungua kwa mvuke, chumvi haijaondoka, imebaki. Unaongeza maji matupu, si ya chumvi. Rafiki yangu wa Mwanga aliyeniiga aliongeza ya chumvi mwezi mzima, akawa na kachumbari.

Umeme ulikatika usiku mmoja wa Februari kuanzia saa nne hadi asubuhi. Pampu ya hewa ya betri, kitu kidogo cha shilingi elfu arobaini, ndiyo iliyowaokoa samaki wote. Kamba mmoja tu alikufa. Siku hizi nina betri ya sola na inveta kwa ajili ya pampu mbili, taa zizime zikitaka.

Jumla nimetumia kama milioni tatu na laki nane, bila bili za maji. Je, ningemshauri mtu wa Kigoma anunue? Kwa kweli tangi la pili, la lita 300, lenye samaki wa ziwa letu, lilinigharimu chini ya robo ya hizo, maji ni ya bomba moja kwa moja, na rangi zake hazina cha kuionea bahari wivu. Kuna Mwingereza, Moore, alikuja huku mwishoni mwa karne ya 19, akaona konokono wa ziwa wenye magamba ya kibahari, akaona kuna hadi yavuyavu, akaamini kwamba Tanganyika ilikuwa mkono wa bahari uliokatika. Wanasayansi waliofuata walimpinga, lakini nikizamia Katonga na kuwaona samaki wale kwenye miamba namwelewa. Kwa anayeanza, anza na tangi la samaki wa ziwa. Ile ya chumvi ni kwa mtu ambaye ameshaambiwa haya yote na bado anaitaka. Chumvi yenyewe ninaipa nyota nne na nusu. Nusu nimekata kwa sababu ya mfuniko.

Ndoo ya tatu imefika juzi. Babu alikuja Jumamosi kama kawaida, maana siku hizi ana kiti chake mbele ya tangi. Ujanani alifanya kazi kwenye reli ya Tanga. Kangaja akipita anamfuata kwa macho toka mwisho hadi mwisho. Mimi nikigeuka kuchukua chai anachovya kidole, analamba, anaguna: "Hii sasa ni Tanga." Nimemwambia mara ngapi, babu, humo mna kinyesi cha samaki. Hasikii.