Tahadhari kwa wenye Subaru: "VF35 ya Japani" niliyouziwa Kariakoo haikuwa VF35

Ninaandika haya kwa wenzangu wenye Impreza WRX na Forester za turbo, hasa wale ambao wiki hizi wanatumiwa picha za turbo (pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuingiza hewa zaidi kwenye injini) aina ya VF35 "used kutoka Japani" kwa bei inayoanzia shilingi 1,500,000. Nilinunua moja mwezi uliopita hapa Dar es Salaam. Ilidumu siku 11 na kilomita 640, na fundi alipoifungua tulikuta kwamba kitu pekee kilichokuwa cha VF35 ni maandishi ya kwenye kibati chake cha jina. Duka sitalitaja, kwa sababu malalamiko yangu bado yanashughulikiwa, na pia kwa sababu picha zilezile nimeshaziona kwa wauzaji watatu tofauti, kwa hiyo kumkwepa mmoja hakutamwokoa mtu asiyeijua bidhaa yenyewe.

Gari langu ni WRX ya mwaka 2003 yenye injini ya EJ205, lita mbili, na turbo iliyotoka nayo kiwandani ni TD04 ya Mitsubishi. Sina ugomvi na TD04. Inaamka mapema, na kwa foleni za Mwenge na Ubungo huwezi kutaka zaidi ya hapo. Tatizo lake liko juu: ukishavuka mizunguko 6,000 kwa dakika inakuwa kama mtu anayepulizia puto kwa mrija wa soda, inazunguka kwa nguvu zote lakini inachotoa ni hewa ya moto zaidi kuliko hewa nyingi, na ukiwa unalipita lori kwenye barabara ya Morogoro unalisikia gari likikata pumzi pale unapolihitaji. Nilitaka turbo itakayoshikilia nguvu mpaka juu bila kuniua chini. VF35 ya kampuni ya IHI ya Japani ndiyo iliyonifaa, kwa kuwa inakaa kwenye bolti zilezile, inaendelea kutumia intakula (kipoza hewa ya turbo) ileile ya juu ya injini, na inajaza presha kati ya mizunguko 3,000 na 3,500.

Muuzaji alitaka kwanza nichukue turbo kubwa zaidi, TD05 yenye feni ya 20G. "Bosi wangu, ukitaka gari, chukua gari," aliniambia, na nakiri kwamba maneno hayo yana utamu wake. Lakini 20G kwenye injini ya lita mbili huanza kuleta kitu cha maana mizunguko ikishapita 4,000, na ikishaanza inaleta hewa nyingi kuliko petroli inayoweza kupulizwa na nozeli za kiwandani. Hewa ikizidi petroli, joto ndani ya silinda linapanda, injini inaanza kugonga, na pistoni za EJ205, ambazo ni za kumiminwa na si za kufuliwa, hupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi. Tena injini hizi zilipangiwa petroli ya Japani inayofika oktani 100 (kipimo cha uwezo wa petroli kuzuia kugonga), ilhali sisi huku tunajaza ya 95. Mtu anayekuuzia 20G bila kukuuliza una nozeli gani, pampu gani ya petroli na nani ataiprogramu upya kontroboksi (kompyuta ya injini), huyo anakuuzia kazi ya kufumua injini miezi mitatu mbele. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza, nami niliichukulia kuwa ni ushabiki tu wa kijana.

Nilipomwambia nataka VF35, hakusita. Alisema anayo moja, imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma huko Nagoya, na akaongeza kwa kujiamini, "Kaka, hii ina beringi za gololi, hutajuta." Nani asiyetaka gololi? Lakini katika ukoo huo wa IHI, yenye gololi ni VF34. VF35 inatumia bushi za kawaida zinazoelea juu ya oili. Nilikuwa nalijua jambo hilo, nilikuwa nimelisoma wiki hiyohiyo, na bado nikajisemea kwamba amechanganya namba tu. Hapo ndipo nilipoliwa. Muuzaji aliyekwisha kushika turbo nyingi za Subaru hakosei kitu hicho, na kama anakikosea basi hajui anachouza, na katika hali zote mbili fedha zako hazitakiwi kutoka mfukoni.

Turbo niliikagua dukani, na nieleze nilichokiona kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi mbele ya macho yangu. Kibati kilikuwa na mikwaruzo ya kizee, lakini ribiti zilizokishikilia ziling'aa kama zimepigwa asubuhi ile. Ndani ya mdomo wa ekzosi kulikuwa na masizi meusi, jambo ambalo kwa turbo iliyotumika ni la kawaida. Nilipopitisha kidole, masizi yakaja yote kidoleni, yakaacha chuma safi cha kijivu chini yake. Nikafuta mkono kwa gazeti tukaendelea kuzungumza bei. Turbo iliyofanya kazi miaka mingi haina masizi ya namna hiyo. Moshi wa ekzosi wenye joto linalopita nyuzi 800 huoka uchafu ukashikamana na chuma, na chuma chenyewe hupata rangi ya kutu ya kahawia isiyofutika kwa kidole. Nilichokigusa mimi kilikuwa masizi ya kibatari, yamepakwa.

Nilijaribu pia kuichezesha shafti, kama tulivyofundishwa. Kwa turbo ya bushi, mchezo mdogo wa kushoto na kulia hauogopeshi, kwa sababu oili ikiingia ndiyo inayoikalisha shafti katikati. Kinachoogopesha ni mchezo wa kuingia na kutoka, ambao hautakiwi kusikika kwa vidole. Yangu haikucheza upande wowote, nikafurahi. Sasa naelewa kwamba kutocheza hakukuthibitisha chochote: ilikuwa mpya kabisa, na mpya kwa bei ile haiwezi kuwa IHI.

Tulikubaliana shilingi 1,650,000. Nilipoomba risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) akasema mashine imepelekwa kwenye matengenezo, angenitumia baadaye kwa simu, na fedha akaniomba nizitume kwenye namba ambayo jina lake halikuwa lake wala la duka. Alisema ni ya shemeji yake anayeshika hesabu. Nilituma.

Fundi wangu aliifunga kwa utaratibu wote, na hili nalisisitiza kwa sababu ndilo lililokuja kuwa utetezi wa muuzaji. Alibadilisha oili na filta, akaweka gasketi mpya, akasafisha bomba linalopeleka oili kwenye turbo pamoja na bolti yake ya kupitishia oili, kwani katika baadhi ya injini za Subaru bolti hiyo ina kichujio kidogo ambacho kikiziba kinaua turbo hata kama ni mpya. Kisha akaijaza turbo oili kwa mkono, akachomoa fyuzi ya petroli na kuizungusha injini kwa stata mpaka presha ya oili ikapanda, ndipo akaiwasha. Video ninayo. Presha hatukuipandisha, tuliiacha kama ilivyotoka kiwandani, chini ya bar 1, mpaka siku ya kuprogramu.

Siku hiyo haikufika. Jumapili ya pili nilikuwa natoka Bagamoyo, mwendo wa kistaarabu kabisa maana trafiki wa njia ile tunawajua, nikasikia mluzi mwembamba unaopanda na kushuka kwa kadiri ninavyokanyaga. Turbo nzima ina mluzi wake, lakini huu ulikuwa wa chuma juu ya chuma. Karibu na Mapinga kioo cha nyuma kikajaa moshi wa bluu. Nilizima gari palepale, na uamuzi huo ndio ulioiokoa injini, kwa kuwa shafti inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikikosa pa kukalia haihitaji muda mrefu kumwaga oili yote kwenye ekzosi au kuvunja feni vipande vipande.

Tulipoifungua, feni ya upande wa hewa ilikuwa imejisaga kwenye ukuta wa hausingi, na vumbi la aluminiamu lilikuwa limetapakaa mpaka ndani ya intakula. Shafti ilikuwa imebabuka rangi ya bluu mahali pa bushi. Fundi aliichukua bushi akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha tundu la oili: ukingoni lilikuwa bado na kijinyweleo cha chuma kilichoachwa na keekee, kitu ambacho kiwandani kingesafishwa kabla bushi haijafika kwenye boksi. Feni zenyewe hazikuwa na alama hata moja ya kusagwa. Turbo iliyosawazishwa lazima iwe na vidonda vidogo, mgongoni mwa feni au kwenye nati yake, mahali palipopunguzwa chuma ili izunguke bila kutetemeka. Yangu ilikuwa nzuri kama kikombe cha zawadi.

Jambo la mwisho ndilo lililoniuma zaidi. VF35 ya kweli ina maandishi P15 yaliyomiminwa pamoja na chuma cha hausingi ya upande wa ekzosi. Hayachapwi wala hayabandikwi. Kwenye yangu mahali hapo palikuwa pamesagwa kwa grainda na kupakwa rangi ya kuzuia joto, na fundi alipoikwangua kwa tindo tukaona kivuli cha herufi nyingine chini yake. Ningeuliza "P15 iko wapi?" pale dukani, ningeokoa fedha na Jumapili yangu.

Muuzaji alipopigiwa simu alikuwa mpole dakika ya kwanza. Kisha akasema tumetumia oili mbovu. Nikamtumia video. Akasema bidhaa ya used haina garantii na kwamba kila mtu mjini analijua hilo. Nikamwambia kwamba silalamikii kuharibika kwa kitu kilichotumika, nalalamikia kuuziwa kitu kisichotumika kikiwa na jina la kampuni isiyokitengeneza. Tangu hapo namba yangu imefungiwa. Kwa jumla, ukiweka turbo, ufundi mara mbili, gasketi, oili mbili, kusafisha intakula na gari la kuvuta, nimepoteza shilingi 2,480,000, na gari limerudi kwenye TD04 yake ya zamani.

Ikiwa upo sokoni sasa hivi, turbo ya kunakili yenyewe si kosa kuinunua kama muuzaji anakwambia ni ya kunakili na bei inasema hivyo. Wapo wanaozitumia wakijua wanachokifanya, ingawa mimi nisingeifunga kwenye gari ninaloendesha nikiwa na watoto. Unachotakiwa kukataa ni kulipa bei ya kitu kimoja ukapewa kingine. Omba picha ya kibati, ya mahali pa P15 na ya feni zote mbili kabla hujatoka nyumbani, na ziwe picha za turbo hiyohiyo ikiwa imewekwa juu ya karatasi yenye tarehe ya leo. Akikutajia namba ya Subaru, jua kwamba namba za turbo zao huanza na 14411, na akitaja kitu kingine mwache aendelee kujieleza. Nenda na fundi wako mwenyewe, si yule anayekaa barazani pa duka akisubiri cha juu. Risiti ya EFD iandikwe aina ya turbo na hali yake, na kama mashine "imepelekwa matengenezo," nawe urudi mashine itakapopona.

Malalamiko yangu nimeyapeleka Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa na kupambana na bidhaa bandia. Kwa kuwa sina risiti, nimepeleka ujumbe wa muamala, mazungumzo yetu yote ya WhatsApp yakiwemo maneno "original Japani," video ya ufungaji na turbo yenyewe ikiwa kwenye boksi lake. Ofisa aliyenipokea alinisikiliza vizuri, lakini swali lake la kwanza lilikuwa risiti iko wapi. Ikiwa nawe umeuziwa VF35 ya namna hii, usiitupe wala usiiuze kwa chuma chakavu. Ihifadhi pamoja na kibati chake, kwani malalamiko ya watu wanne yenye vibati vinavyofanana yana uzito kuliko yangu pekee.

Jana jioni shemeji yangu, ambaye hajazuiwa na namba ya muuzaji, alinionyesha tangazo jipya: VF35, used ya Japani, imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma, shilingi 1,500,000 maongezi yapo. Kwenye picha, kibati kina mkwaruzo uleule wa mshazari unaopita juu ya namba 3, na serial zake ni zilezile zilizo kwenye kibati nilichonacho mimi kabatini.