Siku mbili na wenyeji wa Kuku Yalanji: mikokoni Cooya Beach na msituni Mossman

Ukitoka Cairns, katika jimbo la Queensland nchini Australia, kwenda kaskazini, barabara inaambaa na bahari kwa masafa marefu kabla ya Port Douglas. Mara ya kwanza nilipita nikapiga picha, nikalala hotelini, nikarudi. Safari hii nilitenga siku mbili kwa jambo moja tu: kutembea na watu wa Kuku Yalanji, Waaborijini (wenyeji wa asili wa Australia) wenye nchi hii, wakinionyesha kwao.

Nianze na pwani, maana ndiyo iliyoniteka. Cooya Beach, ambayo wenyewe wanaiita Kuyu Kuyu, iko karibu na mji wa Mossman. Saa ya kuanza inategemea maji. Tulipofika bahari ilikuwa imekupwa, tope na mchanga vimetanda mbali mbele yetu. Mwenyeji wetu akatugawia mikuki ya mianzi, mirefu kuliko mtu, yenye meno ya chuma. Kabla ya kuingia majini akatufundisha kuburuza miguu badala ya kuinyanyua, ili taa, samaki bapa mwenye mwiba wa sumu, aliyejifukia mchangani astuke mapema na kuondoka. Pia tulenge chini kidogo ya samaki tunayemwona, kwani maji humfanya aonekane yuko juu kuliko alipo. Nilirusha mkuki kama mara ishirini. Samaki wote wako salama, lakini mtupo wa mwisho ulitua pale pale samaki alipokuwa sekunde moja kabla, na mwenyeji akanipigia makofi. Nilifurahi kama mtoto.

Halafu tukaingia mikokoni. Mimi niliona mizizi na tope. Yeye aliona mlango: shimo lenye tope bichi mdomoni, na mikwaruzo ya kucha iliyotoka ndani muda si mrefu. Akapitisha fimbo yenye ndoano taratibu, akatulia, mkono wake ukisikiliza. Kaa alipotoka alikuwa mkubwa kama sahani. Akamgeuza atuonyeshe tumbo: la dume ni jembamba lenye ncha, la jike ni pana la mviringo. Huyu alikuwa jike. Akamrudisha shimoni kwa upole uleule aliomtolea. Sheria ya Queensland hairuhusu mvuvi kuchukua jike, na dume ni lazima gamba lake lifike sentimita 15, lakini yeye hakuitaja sheria hata kidogo. Alimtaja bibi yake.

Kwenye miti ya ufukweni kulikuwa na viota vya majimoto, sisimizi wanaosuka majani. Wa huku wana tumbo la kijani. Tuliwaonja, wakali kama ndimu. Akafikicha kiota kiganjani, akatunusisha. Pua yangu iliyoziba tangu kwenye ndege ikafunguka papo hapo. Nilikaa na harufu ile mkononi mpaka jioni.

Siku ya pili ilikuwa Mossman Gorge, korongo la mto lililo msituni. Gari unaliacha kwenye kituo cha wageni, basi dogo linakupeleka karibu na mto. Matembezi yanaanza kwa kufukizwa: unapita kwenye moshi wa majani kabla ya kuingia msituni, na hakuna anayelichukulia hilo kama mchezo. Tulisuguliwa udongo wa rangi juu ya jiwe lenye maji, tukapakwa mkononi. Kuna majani ukiyafikicha na maji yanatoa povu kama sabuni. Mwishoni chai na mkate wa dampa. Ni pazuri, ila saa moja na nusu ni fupi, na kundi letu lilikuwa kubwa kiasi kwamba wa nyuma tulikosa nusu ya maelezo.

Neno moja nililibeba: kwa lugha yao, ardhi ni *bubu*. Kwa Kiswahili bubu hasemi. Nilimweleza kiongozi wetu, akanyamaza kidogo, kisha akasema basi ninyi hamjaisikiliza. Septemba 2021 serikali ya Queensland iliwarudishia watu wa Kuku Yalanji wa Mashariki zaidi ya hekta 160,000, pamoja na Hifadhi ya Daintree. Ukitembea nao unasikia jambo hilo katika namna wanavyosema "kwetu".

Kilichoniudhi hakikutoka kwao. Katika duka moja la zawadi njiani niliuziwa bumerangi, ule mti uliopinda wa kurusha, kama kazi ya Waaborijini, na nilipobandua kibandiko chini nikakuta imetengenezwa nje ya nchi. Si jambo dogo: mwaka 2019 mahakama ya shirikisho iliitoza kampuni moja faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza bidhaa zilizotengenezwa Indonesia kana kwamba ni za Waaborijini. Uliza jina la msanii na watu wake kabla hujatoa pesa. Muuzaji mkweli atakujibu bila kusitasita.

Vaeni viatu vya kufunga ambavyo hamtavililia, chaza wanakata. Msijiendee mikokoni wenyewe, kuna mamba. Kati ya Novemba na Mei kuna konyeza (viwavi wa baharini) wenye sumu kali, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuingia majini. Na kama mna siku moja tu, chagueni pwani, mkipanga tarehe kwa kuangalia kwanza maji yanakupwa saa ngapi.