Bomba lililobaki kwenye boksi

Haki lazima niiseme kwanza: maji yanapata moto. Unafungua, unasikia tiki-tiki-tiki, kisha fuuu, moto umewaka, na kabla hujaning'iniza kanga yako mvuke umejaa. Kwa sisi wa Arusha, na asubuhi za mwezi wa saba mnazijua, hiyo ni neema. Hita yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na fundi waliyenipa dukani, eti kufunga ni bure.

Ya zamani ilitoboka koili, nikanunua nyingine ya gesi vilevile, ya mtungi wa kilo 15. Fundi akaja mchana, simu sikioni. Ya zamani ilikuwa kibarazani nyuma. Yeye akasema hii mpya ataiweka bafuni ndani ili isinyeshewe. Sikubisha, fundi ni fundi. Alipomaliza naona boksini limebaki bomba la bati laini, lile la kukunjakunja, bado limo ndani ya nailoni.

"Fundi, na hili?"

Hata hakugeuka. "Hilo mama ni la kuzuia boksi lisibonyee njiani."

La kuzuia boksi lisibonyee! Nikamwonyesha karatasi ya maelekezo, picha ya bomba hilohilo limetoka juu ya hita likapenya ukuta. Akamkonyeza msaidizi wake. "Hizo picha ni za Wachina, kwao kuna barafu. Mama, mambo ya gesi tuachie sisi, wewe pika." Nimesomesha watoto wanne kwa mikono hii, halafu naambiwa nikapike, kwangu! Na kupima kama gesi inavuja alipima kwa kiberiti, anakipitisha kwenye maungio kimewaka. Nilipotaja povu la sabuni alinitazama kana kwamba nimemwomba anifulie.

Siku ya tatu, au ya nne, binti yangu mdogo akatoka bafuni anapepesuka, kichwa kinamgonga, anataka kutapika. Nikasema malaria. Tukapima, hana. Kesho yake tena, nywele bado zinachuruzika maji. Hapo ndipo bomba la boksini liliponijia kichwani: kumbe ndilo la kutoa moshi nje. Dirisha la bafu letu ni dogo kama daftari, na kwa baridi hii nani analifungua? Gesi ya mtungi ikivuja utaisikia, imetiwa harufu makusudi. Lakini kaboni monoksaidi, ile sumu inayotoka moto unapokosa hewa ya kutosha, haina harufu wala rangi. Mtoto anaoga anaimba, mara kimya.

Nikapiga simu dukani huku natetemeka. Dada wa watu ananiuliza, "Lakini maji si yanapata moto?"

Ndiyo, dada. Yanapata.

Nikamwita kijana wa mtaani kwetu, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Aliing'oa akairudisha kibarazani, matundu yaleyale ya skrubu, akachomeka lile bomba juu na kuligeuza mdomo mbali na dirisha. Kisha akaomba sabuni na sponji, akapaka kila ungio, akachuchumaa kuangalia. Ungio la kwenye mtungi likatoa vipovu viwili, vitatu. Akalikaza bila kusema kitu. Mimi nilikaa chini.

Kwa hiyo niwashauri mnunue? Jana ningesema hapana, mchome moto duka zima. Leo asubuhi nimeoga mpaka vidole vikanyauka, nikasema basi, nunueni, ila fundi mjitafutie wenyewe. Halafu binti akaingia kuoga, nikajikuta nimesimama mlangoni nasikiliza kama bado anaimba. Sijui. Niulizeni tena baridi ikiisha.

Yule wa kwanza kanipigia jana usiku, amesahau spana yake kwangu. Ipo. Nimeiweka boksini, inazuia lisibonyee.