Kubaki Tanga au kuhamia Dar?
Mji unaojitapa "waja leo waondoka leo" sasa unakimbiwa na wanawe. Tanga kodi ya chumba haikuumizi kichwa, baiskeli inakufikisha kokote, na jioni kuna upepo wa Raskazone. Kazi ndiyo kasheshe: mkonge uliporomoka baada ya kamba za plastiki kuingia sokoni, na viwanda vingi vikafuata. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga, ila vibarua vya ujenzi vina mwisho.

Dar hukosi cha kufanya, hata kama ni kutembeza soksi Kariakoo. Lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na foleni ya Mbagala inakumalizia jioni. Ningekuwa na miaka 20, ningepanda basi la alfajiri. Tena kule hakuna shangazi wa kumwambia mama alikuona na nani.