Darasa la kujihami Sinza: kipindi cha sheria ndicho kinachostahili ada

Darasa la kujihami linalofanyika Jumamosi asubuhi katika ukumbi mmoja wa Sinza hutangazwa kwa picha za watu wakiangushana, lakini lililo bora ndani yake halionekani katika tangazo hilo. Ngumi na namna ya kujinasua zinafundishwa katika kumbi nyingine za Dar es Salaam, pengine na walimu hodari zaidi. Hapa mwalimu anafundisha akiwa na wakili pembeni yake, na kila mbinu inapimwa papo hapo kwa sheria.

Wanafunzi wawili wanakabiliana, mmoja akiigiza kibaka mwenye kisu, mpaka wakili aseme "Simama!" na yule anayejihami atakiwe kueleza ni hatari gani iliyobaki mbele yake. Ikiwa mwenzake yuko chini na kisu kimeshatupwa mbali, teke linalofuata haliwezi kuitwa kujihami. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaliweka jambo hili wazi: mtu anayo haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali yake, ila kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika kwa ulinzi huo tu. Akizidisha, anawajibika kwa kosa linalotokana na kuzidisha huko, na akiua kwa namna hiyo anakuwa na hatia ya kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufikia kifungo cha maisha.

Dereva mmoja wa bodaboda aliuliza, "Mwalimu, na kama ameshakimbia na simu yangu, vijana wa kijiweni wakamkamata?"

"Mpelekeni polisi, kaka yangu," wakili alimjibu. "Mkianza kumpiga hapo, ninyi ndio mnaoshambulia."

Jibu hilo lilipingwa kwa muda mrefu, na nafurahi kwamba wakili hakulilegeza, kwa sababu katika jiji hili tumezoea kusoma habari za vibaka kuuawa na "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba hasira ni kibali. Kwa uzito uleule, akina dada waliambiwa waziwazi kwamba sheria haimtaki mwanamke anayeshambuliwa kwa nia ya kubakwa ahesabu makofi: hilo ni miongoni mwa mashambulizi ambayo haki ya kujihami inaweza kufikia hata kusababisha kifo, pamoja na shambulio linalomtia mtu hofu ya msingi ya kuuawa au kupata madhara makubwa.

Kasoro zipo. Makaratasi wanayogawa ni ya Kiingereza kitupu, ilhali tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini, na wengi waliokuwepo waliyakunja bila kuyasoma. Suala la kutoa taarifa kituoni na kuchukua PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, lilipitiwa harakaharaka mwishoni, wakati watu wanavaa viatu. Lilistahili zoezi lake.

Ada ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na kwangu inalingana na kinachotolewa. Madarasa ya jioni ya ukumbi huohuo hayana wakili, kwa hiyo ulizeni siku kabla ya kulipa.