Uzoefu wangu na kifurushi cha kupima damu kwa wasiokula nyama: upimaji mzuri, mpango wa mlo una kasoro

Kifurushi nilichonunua ni cha maabara moja binafsi ya hapa Dar es Salaam. Unatolewa damu, unasubiri siku tatu, kisha unatumiwa majibu pamoja na mpango wa mlo wa wiki nne. Mimi ni mwanamke nisiyekula nyama wala samaki. Maziwa na mayai natumia. Kazi ya maabara naipa alama zote. Mpango wa mlo siupi hata nusu, na naeleza kwa undani kwa sababu wengi wanaufuata mpango neno kwa neno bila kuyasoma majibu yenyewe.

Ndani yake kuna picha kamili ya damu, feritini (akiba ya madini chuma), vitamini B12, vitamini D, mafuta ya damu na HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili mitatu iliyopita). Utoaji damu ulikuwa wa kitaalamu. Mrija wa kifuniko cha zambarau uligeuzwa taratibu mara nane mara tu damu ilipoingia. Usipogeuzwa, damu huganda na hesabu ya chembe sahani (zile za kugandisha damu) inakuwa ya uongo.

Maelekezo ya kabla ya kipimo ndiyo yaliyokosekana, isipokuwa ile kauli ya kuja bila kula. Kufunga saa 10 hadi 12 kunahitajika hasa kwa trigliseridi, aina mojawapo ya mafuta ya damu. Lakini kuna mambo mengine yanayoharibu majibu. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi huvuruga baadhi ya mashine za homoni na vitamini, kwa hiyo viachwe siku mbili tatu kabla. Kama umechomwa sindano ya B12 karibuni, kiwango kitapanda na hakitakuambia mlo wako unakupa nini. Na ukiwa na mafua, malaria au kidonda chenye usaha, ahirisha: feritini hupanda mwili ukipambana na ugonjwa, hata kama akiba ni kidogo. Asiyeweza kuahirisha aongeze siku hiyohiyo kipimo cha CRP, kinachoonyesha kama mwili unapambana na ugonjwa.

Sasa majibu. Himoglobini 12.3, feritini 11, B12 212, ukubwa wa chembe nyekundu (MCV) 86. Vyote vikaja na rangi ya kijani, na mpango ukaandika kwamba damu iko vizuri. Hapo ndipo tatizo lilipo. Kiwango cha chini cha feritini kwenye karatasi yao ni 10, wakati Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 15 kwa mtu mzima asiye na maambukizi kuwa ni upungufu wa madini chuma. Himoglobini hushuka mwishoni, akiba ikishakauka. Na hiyo MCV ya 86 isikudanganye: upungufu wa chuma hufanya chembe ziwe ndogo, upungufu wa B12 huzifanya kubwa, vikikutana wastani unatoka wa kawaida kabisa. Kinachofichua ni RDW, yaani jinsi chembe zinavyotofautiana ukubwa. Yangu ilikuwa 16.8, na hiyo pekee ndiyo iliyokuwa na alama nyekundu, mpango haukuigusa. B12 kati ya 200 na 300 (pikogramu kwa mililita) ni eneo la mashaka, kwa hiyo nililipia pembeni kipimo cha homosistini, kitu kinachopanda kwenye damu B12 ikipungua. Ikaja 19, juu ya mpaka wa 15. Folati nayo ikipungua huipandisha, ila kwa mtu anayekula majani na kunde kila siku B12 ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Angalia pia vipimo vimeandikwa kwa kizio gani. Vitamini D yangu ilikuwa 44 kwa nanomoli, yaani chini ya 18 kwa nanogramu (gawanya kwa 2.5). Mpaka wa upungufu ni 50 kwa nanomoli, 20 kwa nanogramu. Mtu akisoma 44 akidhani ni nanogramu ataona ana vitamini tele.

Mpango ulisema niongeze mchicha ili kuinua feritini. Kikombe cha mchicha uliopikwa kina miligramu 3 hivi za chuma, na mwili huchukua asilimia chache tu. Kikombe cha adesi kina miligramu 6 na nusu, cha maharage mekundu 4. Lakini hata hizo si hoja kubwa. Hoja kubwa ni chai, na dodoso lao halikuuliza hata swali moja kuhusu chai! Kikombe kimoja cha chai pamoja na chakula hupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu, na mpango wenyewe uliweka chai ya maziwa kwenye kila kifungua kinywa, pembeni ya maharage. Chai isogezwe angalau saa moja baada ya kula. Hakuna badiliko la bei rahisi kuliko hilo.

Baada ya chai, vitamini C. Limao moja likikamuliwa lina miligramu 20 hivi, wakati pera moja la wastani lina zaidi ya 100. Pera liliwe palepale na maharage, siyo saa kumi jioni. Limao likamuliwe chakula kikishaepuliwa, maana moto huua vitamini C. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe; ulezi uoteshwe kimea au uji wake uchachushwe siku moja au mbili, ili fitati inayokamata chuma na zinki ipungue.

Kwa B12, mpango uliandika spirulina. Hili ni kosa la wazi: kilichomo humo kwa sehemu kubwa ni umbo la B12 ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulitumia. Kikombe cha maziwa kina mikrogramu 1.2 hivi na yai karibu nusu. Mahitaji ya siku ni 2.4. Kwa mlo mmoja mwili hupokea vizuri mikrogramu moja na nusu hadi mbili tu, kwa hiyo maziwa ya asubuhi na mtindi wa jioni ni bora kuliko kunywa yote kwa mkupuo. Ikiwa imeshashuka, chakula peke yake ni polepole mno. Daktari aliniandikia kidonge cha mikrogramu 1000 kila siku, pamoja na chuma miligramu 60 siku moja kwa kuruka moja. Dozi ya kila siku hupandisha hepsidini, homoni inayofunga mlango wa chuma tumboni. Usinywe chuma bila kupima feritini kwanza, kwa sababu kikizidi kinaumiza ini.

Walijaribu pia kuniuzia ukurasa wa ziada wa "vyakula visivyokufaa" kwa kipimo cha IgG. Ukatae. Kingamwili hizo huonyesha kwamba umewahi kukila chakula hicho. Chama cha wataalamu wa mzio cha Ulaya, EAACI, kilitoa msimamo huo kuhusu IgG4, aina mojawapo ya IgG, mwaka 2008. Kwa kawaida orodha hukuzuia vile unavyokula mara nyingi, na kwa asiyekula nyama hivyo ni maziwa, mayai na maharage.

Chembe nyeupe chini kidogo ya 4 zisikutie hofu kama huugui: Waafrika wengi huwa hivyo kwa kuzaliwa. HbA1c nayo isomwe kwa tahadhari, kwani upungufu wa chuma unaweza kuipandisha bila sukari kuwa na tatizo.

Kipimo cha marudio nilifanya baada ya wiki 12, feritini na B12 peke yake, nje ya kifurushi. Feritini ilifika 36. Kama ingebaki palepale, nisingeongeza mboga wala vidonge. Ningepeleka choo kuangalia minyoo ya safura, nipime na H. pylori (bakteria wa tumboni), kisha nihesabu siku za hedhi na pedi zinazolowa.