Intaneti ya nyumba ya kijijini: dishi dogo la Starlink limewashinda wenzake, ila angalia minazi yako kwanza

Nyumba yenyewe iko Kaloleni, Kilifi, ndani ndani huko, ukiacha lami bado unakula vumbi na bodaboda mpaka ufike, na watumiaji ni mama ambaye kazi yake ni kupigiwa video na wajukuu, mdogo wangu anasoma chuo kwa mtandao, na mimi nikishuka kutoka Mombasa nafanya kazi zangu na laptop huko huko. Nasema hivi mapema manake rivyu nyingi zimeandikwa na watu wa mjini, wao wanaulizana spidi tu, kijijini spidi ni swali la tatu au la nne huko, la kwanza ni je hiyo netwaki inafika na stima ikipotea inabaki?

Faiba, intaneti ya waya, tusiiongelee sana. Ikipita karibu na kwako, chukua, funga hii ukurasa uende. Safaricom tuliwakuta wanauza spidi ya Mbps 15 kwa shilingi 2,999 kwa mwezi, huwezi kupata kitu cha kushindana na hiyo. Lakini faiba inafuata barabara kubwa na nyumba zilizobanana, sisi nyumba hadi nyumba kuna shamba la mihogo katikati, nani atavuta waya huo.

Kwa hivyo tukaanza na ruta ya laini, ile unatia simu kadi tu. Sitaji jina la kampuni, zote tulijaribu na shida ni ile ile. Kitu cha kwanza ujue, nyumba ya mabati inaua netwaki, bati linazuia mawimbi sana, ruta ikiwa sebuleni inaonyesha vijiti viwili, ukiitoa nje chini ya mwembe vinakuwa vinne. Dawa yake ni antena ya nje inayoelekezwa kwa busta, yaani mnara wa simu, inasaidia kweli kweli, mchana tulikuwa tunadownload vizuri tu. Ngoja sasa saa mbili usiku, watu wote wametoka shamba na kazini, kila mtu yuko TikTok, busta ni moja na kijiji ni kizima, video ya mama inaanza kugandaganda. Alafu stima ikikatika masaa mengi betri za busta nazo zinachoka, mnabaki wote kimya. Kama wewe ni wa WhatsApp na kusoma habari, ruta ya laini inakutosha, usipoteze pesa kwingine.

Kuna hawa jamaa wa antena pia, wanaweka kidishi juu ya paa lako kinatazamana na chao kule senta. Bei nafuu, wanakuja wenyewe na ngazi. Sharti zionane uso kwa uso, kukiwa na kilima au mwembe mkubwa katikati hamna kitu. Kwetu zilionana vizuri, shida ilikuwa mashine yao imekaa ndani ya duka la mtu, siku moja netwaki imeenda asubuhi nzima, fundi hashiki simu, mdogo wangu akatembea mpaka senta kuulizia, kumbe mwenye duka amechomoa waya achomeke mashine ya kunyolea! Tuliachana nao mwezi huo.

Ndio tukafika kwa Starlink, intaneti ya satelaiti. Waliingia Kenya Julai 2023 na wakati huo seti ilikuwa karibu elfu tisini, nani kijijini ana hiyo ya kutundika paani. Sisi tulichukua ile ndogo, Mini, tuliikuta kwa 27,000. Malipo ya mwezi tuliyoyakuta: 6,500 bila kikomo, 4,000 ile ya spidi ya chini, na 1,300 ya GB 50. Bei hizi zinabadilika badilika, angalia mwenyewe kabla hujatuma pesa. Hiyo ya 1,300 inavutia macho lakini simu tatu zikianza kujiapdeti na mtu anaangalia mpira, GB 50 ni wiki moja na kitu.

Netwaki yenyewe ni safi, sina la kuficha. Satelaiti zake ziko kama kilomita 500 hivi tu juu, zile dishi za zamani za intaneti zilikuwa zinaongea na satelaiti iliyo karibu kilomita 36,000, ndio maana ulikuwa unasema haloo unangoja nusu dakika (naongeza chumvi, lakini mliozitumia mnajua). Na tangu Januari 2025 walipoweka kituo chao Nairobi, simu ya video inakuja papo hapo. Mvua kubwa ile ya masika inakata kidogo kisha inarudi, hiyo ni kawaida ya satelaiti yoyote.

Sasa minazi. Dishi linataka mbingu wazi, sio kipande, wazi pande zote. Pakua app yao bure kabla hujanunua chochote, simama pale unapotaka kuliweka, unazungusha kamera angani inakuonyesha vizuizi. Kwetu ilionyesha wekundu upande mzima, minazi, na mnazi ni mbaya zaidi ya ukuta manake kuti linacheza na upepo, simu inakatika sekunde tatu inarudi, inakatika tena. Nikamwendea babu kwa adabu, babu tunaomba tupunguze mmoja tu. Akaniangalia. "Mnazi huu kaupanda babangu, mjukuu wangu. Hiyo sahani yako yazaa nini?" Basi, mnazi upo mpaka leo, dishi likapanda juu ya mnara wa tangi la maji kwa paipu ya chuma, na wekundu ukaisha.

Kuhusu umeme, hapa ndio nawaambia chukueni Mini sio ile kubwa. Kubwa inakula wati 75 mpaka 100, Mini kama 25 mpaka 40 na ruta iko humo humo ndani. Betri ya sola ya 100Ah ya volti 12 ukiitumia nusu, manake za gel zikizidi hapo zinakufa mapema, una kama wati 600 za saa moja. Mini usiku mzima wa masaa kumi na mbili inakula kama 360, asubuhi bado taa zinawaka. Kubwa ingekumaliza usiku wa manane. Na ukitaka, kwa app kuna mahali pa kuipangia ilale mkilala.

Mwisho wa 2024 watu wa Nairobi na kaunti za jirani waliambiwa nafasi zimejaa, satelaiti nazo zikibanwa na watu wengi eneo moja zinalemewa. Hapa ndio sisi wa shamba tumebahatika, tumetawanyika. Ingawa kwetu wanaoizidishia kazi wapo, vijana wa jirani washajua ukikaa kwenye ukuta wa choo cha nje wifi inafika, mama amewapa paswedi mwenyewe, ati wanamchotea maji.